Mtihani wa Wageni

Sikupenda kupelekwa Mbulu, na sitajifanya nilipenda. Mimi Didas ni mtu wa Umatengo, kule Ruvuma, na milima naijua, lakini baridi ya mwezi wa saba katika ile nchi iliniingia mpaka kwenye meno. Nilipangiwa shule ya kijiji kipya kati ya Maretadu na Masieda. Miaka miwili nyuma watu wake walikuwa wanaishi kila mtu kwenye kilima chake, mpaka walipoambiwa washuke wakae pamoja. Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri nilifundisha watu wazima, lile darasa tulilokuwa tunaliita kisomo. Watoto walikuja kwa sababu ya fimbo. Watu wazima hawakuja, isipokuwa vikongwe wanne waliopenda kupumzisha miguu kwenye madawati yangu wakitoka kukata majani.

Mwaka ule wa sabini na tano wilaya ilikuwa inapima vijiji. Mwezi wa nane angekuja mkaguzi kuhesabu wanaojua kusoma na kuandika, na kijiji kitakachoongoza kingepewa cheti chenye fremu ya kioo, pamoja na mashine ya kusaga. Cheti hakuna aliyekijali. Mashine ndiyo iliyowanyima watu usingizi. Sulle, mwenyekiti wetu, alikuwa ameshachagua mahali itakapokaa, na mahali penyewe palikuwa nyuma ya nyumba yake.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaisha, lori likashusha familia saba mbele ya ofisi ya kijiji. Walikuwa Wairaqw kama wenyeji wao. Babu zao walitoka milimani huku huku, wakateremkia tambarare za Hanang kufuata malisho. Ukame wa mwaka uliotangulia ukawamalizia ng'ombe karibu wote. Sasa walikuwa wameshika masufuria na ngozi za kulalia, wanatazama chini. Katibu kata alisema kijiji kikiwakubali, kila familia ipewe kiwanja na ekari mbili kabla ya msimu wa kupanda. Kikiwakataa, lori litarudi mwezi wa nane kuwachukua. Kukubali au kukataa ni kazi ya kamati.

Kamati ilikaa darasani kwangu, wazee wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Aliyeanza ni Nikolausi, katekista wetu, ambaye pia alikuwa katibu wa kijiji. Alikuwa na daftari na alipenda tulione.

"Wageni watu wazima ni kumi na wanne," alisema. "Nimewauliza mmoja mmoja. Hakuna anayejua hata herufi moja. Tukiwaandika leo kuwa wanakijiji, mkaguzi akija watatuchafulia hesabu. Mashine itakwenda Nambis."

Neno Nambis, kijiji jirani tulichoshindana nacho, liliwauma. Watu walianza kuguna.

"Mimi naona hivi," Nikolausi aliendelea. "Mgeni asiyejua kusoma asipokelewe. Huu ni wakati wa maendeleo. Hatuwezi kujaza kijiji wajinga."

Mzee Hhando alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa mkubwa kuliko wote mle ndani, na hata Sulle alimwamkia shikamoo kabla ya kufungua kikao. Akauliza, "Kwani hayo mahindi mtayasomea ndipo yaote?"

Watu wakacheka.

"Nauliza tu. Watu wana njaa, wana mikono, na kule bondeni ardhi imelala. Mnataka wasome nini, majani ya maharage?"

"Mzee, hii ni sera," alisema Sulle.

"Sera. Mwenyekiti, juzi katibu kata alipoleta zile karatasi, wewe ulitia nini? Si ulitia dole gumba?"

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Sulle akavimba. "Mimi nimezaliwa hapa!" alifoka. "Dole gumba langu ni la hapa! Sisi tumeshaandikwa, wao bado. Anayeomba kuingia ndiye anayepimwa."

Hapo ndipo niliposimama mimi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukaa kimya, na jibu ni dogo na la aibu: darasa langu lilikuwa tupu. Mkaguzi angekuja akute vikongwe wanne wanasinzia, na mimi nilikuwa naomba uhamisho. Nikaona watu kumi na wanne ambao wangelazimika kuja kila siku, bila kukosa. Nikasema tuwe na huruma. Tusiwakatae moja kwa moja, tuwape wote miezi mitatu ya kisomo, kisha tuwafanyie mtihani: kusoma ubaoni na kuandika kwenye karatasi. Kwa kila nyumba afanye mkubwa wa nyumba. Atakayefaulu, nyumba yake ipokelewe. Atakayeshindwa apande lori. Nilisema hayo kwa sauti ya mtu mwema, na nadhani nilijiamini.

Mzee Hhando alinigeukia. "Mwalimu, wewe huu ni mwaka wa pili uko kwetu. Lugha yetu hujui hata ya kuomba maji. Na wewe tukupime?"

Wakacheka tena, nami nikacheka nao. Kisha wakanyoosha mikono, na pendekezo langu likapita. Hhando peke yake hakunyoosha.

Darasa likajaa. Kila alasiri walikuja wote kumi na wanne, hata mvua ya mwisho mwisho ikinyesha, maana kila mmoja alijua ekari mbili za nyumba yake ziko kwenye chaki yangu. Sijawahi kupata wanafunzi wa namna ile. Hofu inafundisha kuliko mimi.

Aliyewazidi wote ni mjane mmoja, Efrazia. Tulimwita Mama Qamara kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mume wake alifia tambarare wakati wa ukame, akamwachia watoto watatu, na wa mwisho, Ludovika, alikuwa anakuja naye mgongoni. Hakuwa na daftari. Aliandika kwenye majivu ya mafiga, anafuta, anaandika tena. Mwezi wa sita alianza kusoma kila kitu kilichokuwa na herufi: magunia, makopo ya dawa ya mifugo, bati la ofisi. Alikuwa anasimama njiani na kuni kichwani anasoma tangazo la chanjo ya ng'ombe mpaka mwisho. Nilimpa gazeti lililochakaa, akalirudisha baada ya siku nne na kuniuliza maana ya neno bajeti.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "kumbe haya maneno yalikuwepo siku zote, yanatupita tu."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kama vile mtoto wangu mwenyewe ameanza kutembea. Nikawa namsimamisha mbele awasomee wenzake, na nilianza kuamini kwamba ule mtihani nilioubuni ulikuwa kitu kizuri.

Katika hao wengine alikuwepo Joakimu, mwanamume mwenye mabega mapana. Ng'ombe wake wawili wa kulimia walikuwa wamepona ukame, na alikuwa na plau. Joakimu hakuvuka kuandika jina lake. Akifika katikati ya mstari anasimama, jasho linamtoka, anamtazama Mama Qamara amnong'oneze. Naye alimnong'oneza.

Mwezi wa saba, katikati ya ile baridi, surua ikaingia kijijini. Watoto wengi waliugua, wakapona. Ludovika hakupona. Alikufa siku kumi na mbili kabla ya mtihani.

Sasa inabidi nieleze jambo ambalo mwenyeji hahitaji kuelezwa. Kwa Wairaqw, nyumba iliyofiwa namna ile inakaa peke yake. Mtu wa nyumba hiyo wanamwita metimani. Huyo mtu haingii nyumba ya mwingine, wala mwingine haingii kwake. Hateki maji pamoja na watu, hakalii kiti chao, hashiki kitu ambacho wengine watakishika. Mpaka wazee waseme imekwisha, na inaweza kuchukua miezi. Si kwamba wanamchukia. Wanaogopa kwamba kifo kitamfuata aliyegusana naye, kiwaingie watoto wake. Jumapili wote hawa walikuwa kanisani, na Nikolausi ndiye aliyewaongoza sala. Lakini siku ya kumzika Ludovika, Nikolausi alisomea sala zake mbali, upande wa pili wa korongo, akipaza sauti.

Mama Qamara alihamia kibanda cha nyasi chini ya korongo na watoto wake wawili waliobaki. Hakuna aliyemlazimisha. Alijua utaratibu, akaufuata.

Nilikwenda kwa Sulle kumwomba tusogeze mtihani. Akasema lori lina tarehe na mkaguzi ana tarehe, na yeye hawezi kuiambia wilaya isubiri mama mmoja afiwe vizuri. Ndivyo alivyosema, afiwe vizuri. Nikatoka hapo nikiwa na hasira, nikaenda kwa Mzee Hhando, nikijua huyu ataelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma kuni motoni.

"Kule kikaoni nilisema hawa watu wapewe shamba bila masharti," alisema. "Ulishinda wewe. Mtihani ni wako. Lakini hili la metimani si la kikao, hatupigi kura hapo. Nina wajukuu kumi na mmoja, mwalimu. Huyo mama namwonea huruma sana. Kunikaribia, hapana."

"Lakini anajua kusoma, mzee. Anajua kuliko wote."

"Najua anajua. Kijiji kizima kinajua. Mimi nilitaka apewe shamba akiwa hajui."

Nilikunywa uji wake nikaondoka.

Siku ya mtihani alikuja. Alisimama upande wa pili wa uwanja wa shule, hatua arobaini hivi kutoka mlangoni, amejifunga shuka nyeusi, watoto wamekaa nyuma yake kwenye majani. Wakubwa wa nyumba nyingine sita walikuwa ndani. Kamati ilikuwa ndani. Nikasema kwa sauti kwamba aruhusiwe walau asimame dirishani. Madawati yakalia yote kwa pamoja, watu wameinuka. Ingekuwa amesogea hatua tano zaidi, darasa lingekimbia.

Naye mwenyewe alikataa. "Mwalimu, usiwalazimishe," alisema kutoka kule. "Nisije nikawaletea. Weka ubao mlangoni tu, nitaona."

Nikautoa ubao nikisaidiana na Joakimu, tukauegemeza mlangoni. Niliandika kwa herufi kubwa: Mwaka huu kijiji chetu kitalima shamba la pamoja upande wa bonde, na kila nyumba italeta jembe lake. Mama Qamara akakunja macho kidogo kwa sababu ya jua. Kisha akasoma. Alisoma bila kukwama, akapumzika kwenye mkato kama nilivyomfundisha, na sauti yake ikafika mpaka kwenye nyumba za jirani. Hata Sulle alitikisa kichwa kwa kukubali, kabla hajakumbuka kwamba huyu ni metimani.

Kusoma kulikuwa kumekwisha. Kulibaki kuandika.

Nilikuwa nimejiandaa. Asubuhi ile niliweka karatasi na penseli juu ya jiwe katikati ya uwanja, mahali ambapo si kwake wala si kwetu. Nikamwambia achukue. Akachukua, akaketi kwenye majani, akaweka karatasi juu ya goti na kuandika kwa muda mrefu kuliko alivyotakiwa. Niliona ameujaza upande mmoja na kuigeuza karatasi. Alipomaliza alirudisha karatasi juu ya jiwe, akaiwekea kokoto isipeperuke, akarudi nyuma, akasimama.

"Haya," alisema Nikolausi. "Nani anaichukua?"

Taratibu macho yote yakanigeukia mimi.

"Mwalimu si wa kwetu," alisema Sulle. "Yeye anaweza kuichukua, hakuna anayemkataza. Lakini akiishika, naye akae huko huko. Watoto wetu hawatakuja shule. Na kisomo hakuna atakayekuja."

Nilimtazama Mzee Hhando. Alitikisa kichwa polepole, kwa huzuni, kukubali kwamba ni hivyo.

Mkaguzi alikuwa anakuja baada ya siku tisa. Ningemwonyesha darasa lisilo na mtu. Uhamisho wangu ungekwama, labda kwa miaka. Ndiyo niliyoyawaza, wala si mambo makubwa zaidi ya hayo. Kutoka mlangoni hadi kwenye lile jiwe zilikuwa hatua ishirini. Mimi siamini metimani. Ningeweza kuikunja ile karatasi na kuitia mfukoni na nisidhurike chochote isipokuwa baridi ya mwaka mmoja zaidi. Upepo ulikuwa unainua pembe ya karatasi na kuishusha, na yule mama alikuwa ananitazama, hana wasiwasi, anangoja tu mwalimu wake aje kusahihisha. Niliona haya sana. Niliona haya, na sikwenda.

"Kanuni ni kuandika kwenye karatasi," alisema Nikolausi, akifungua daftari lake. "Karatasi yake iko wapi? Hatuna. Mwalimu, andika."

Nikaandika mbele ya jina lake: Hakuandika.

Ilipofika zamu ya Joakimu, aliandika jina lake, akasoma maneno matatu ya ubaoni, akasimama pale anaposimamaga, jasho likamtoka. Safari hii hakuwa na wa kumnong'oneza. Sulle akaniinamia. "Huyu ana plau," alisema. Nikaandika: Amefaulu. Nyumba tano zilifaulu siku ile. Mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri alishindwa, na Mama Qamara. Karatasi yake ilikaa juu ya lile jiwe siku mbili. Siku ya tatu sikuiona, na mpaka leo sijui aliandika nini huko nyuma ya ukurasa.

Lori lilikuja Alhamisi. Yule mzee na mke wake walipandishwa. Utingo alikuwa kijana wa Maretadu, na alipoambiwa mama aliyesimama kule mbali ni metimani, alifunga mlango wa nyuma kwa komeo na kusema gari lake halibebi. Dereva, mtu wa Singida, hakuelewa, akataka kubishana. Utingo akashuka na kukaa barabarani. Basi ikaamuliwa Mama Qamara arudi Hanang kwa miguu, siku tatu, na watoto wawili.

Kwa miguu alihitaji barua. Wakati ule mtu asiye na barua ya kijiji alikamatwa njiani kama mzururaji. Nikolausi akaitunga na mimi nikaiandika, kwa sababu mwandiko wangu ndio uliokuwa mzuri. Sulle alikuwa anapatana na Joakimu juu ya kulimiwa shamba lake, hakuwa na nafasi ya kusomewa. Alinyoosha mkono bila kugeuka, nikamshika dole gumba, nikalichovya kwenye wino na kuligandamiza.

Nikaenda kuiweka kwenye jiwe lile lile. Nilirudi mlangoni, ndipo yeye akaja kuichukua. Alikuwa na sufuria kichwani na ngozi imefungwa mgongoni pale alipokuwa anakaa Ludovika. Nusu ya kijiji ilikuwa imekusanyika kutazama lori. Alidhani, nafikiri, kwamba akipewa kitu cha kusoma ni lazima akisome kwa sauti, maana ndivyo nilivyomzoeza. Akaifungua, akaishika kwa mikono miwili, na kusoma mbele ya watu wote:

"Kwa yeyote anayehusika. Mwenye barua hii, Efrazia, mjane, pamoja na watoto wake wawili, hakukubaliwa kuwa mwanakijiji wa hapa, kwa sababu hajui kusoma wala kuandika. Anarudi alikotoka. Asizuiwe njiani."

Hakukosea hata neno moja. Alipofika mwisho alibaki ameitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi. Hakulia na hakunitukana. Laiti angenitukana. Watu walikuwa kimya, na lori lilikuwa limezimwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

Sulle alikuwa amegeuka. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ndivyo ilivyoandikwa kweli? Au anajisemea?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," nilisema.

"Kila neno?"

"Kila neno."

Akalisugua dole gumba lake ambalo bado lilikuwa na wino.

"Basi ni sawa," alisema. "Mwambie aende."

Nikapaza sauti, nikamwambia aende.